Tambi za nyumbani Mtwara: moto mdogo, maji ya kupima

Tambi zikiharibika, mara nyingi zimeharibiwa na haraka. Sufuria imejazwa maji mpaka pomoni, mkaa umechochewa wote, mwiko unazunguka kana kwamba mtu anasonga ugali, na baada ya robo saa kilichopo ni bokoboko. Halafu tunasema tambi ni chakula cha watoto na mabachela.

Maelezo haya ni ya mtu anayepika nyumbani Mtwara, au Lindi, ambako jikoni hatupishani sana: jiko la mkaa au mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili tatu, mbuzi ya kukunia nazi, na samaki wa siku hiyo. Hakuna oveni. Blenda inatajwa mahali pamoja, na hata hapo kinu kinatosha.

Tambi zimeshapitia kazi kubwa kiwandani. Unga wa ngano umekandwa, umesukumwa kwenye matundu, umekaushwa. Kilichobaki kwako ni kuurudishia maji na kuuivisha wanga wake, na wanga wa ngano huiva kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, chini sana ya zile nyuzi 100 ambazo maji huchemkia. Kwa hiyo maji yakishachemka na tambi zikishazama, moto mkali hauongezi lolote. Unakula mkaa tu. Sufuria yenye mfuniko unaobana, hata ukiiteremsha jikoni, inabaki na joto la kutosha kumaliza kazi yenyewe. Kwa bei ya gunia la mkaa ilivyo sasa, hilo peke yake ni sababu ya kujifunza kupika tambi vizuri.

(Wageni wakija Mtwara huuliza mbona bado tunapikia mkaa na gesi imejaa Msimbati. Gesi ya huko, ya Mnazi Bay, ni methani, inapita kwenye bomba kwenda kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Ya mtungi ni propani na butani, inashushwa na meli. Kuwa jirani wa moja hakukupunguzii bei ya nyingine.)

Dukani na sokoni

Aina za kutegemea ni tatu. Kuna tambi nyembamba, zilizonyooka au zilizokunjwa mafundo. Hizi ndizo za nazi na sukari. Kuna spageti. Na kuna zile za pakiti ndogo zenye kifuko cha viungo ndani, ambazo mtaani zote ni Indomie hata kama jina lililoandikwa juu ni jingine. Tambi za mchele ukibahatika kuzipata, usizichemshe: zimwagie maji ya moto, zifunike dakika chache mpaka zilegee, zichuje, basi.

Kwa spageti, angalia rangi. Iliyotengenezwa kwa ngano ngumu, ile inayoitwa durum, ina umanjano na hustahimili maji bila kupasuka. Iliyo nyeupe ni ya ngano ya kawaida. Haina ubaya, lakini hulainika mapema, kwa hiyo anza kuonja dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Geuza pakiti pia uangalie chini: ukiona vumbi la unga na vipande vingi, imekaa sana au wadudu wameshaingia. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na pakiti ikishafunguliwa haikai. Hamishia zilizobaki kwenye kopo lenye kifuniko.

Nazi itikise sikioni. Maji yakisikika yanacheza ndani, ni nzima. Ikiwa kimya, au macho yake matatu yana unyevu na harufu ya uchachu, irudishe kwenye fungu.

Korosho nunua mbichi zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa, siyo za kukaangwa na chumvi. Chukua vipande. Ni rahisi kuliko nzima, na kwa kuwa zinakwenda kusagwa, uzima wake haukusaidii kitu. Mwenyeji haambiwi hili, ila aliyehamia juzi asijaribu kupasua na kisu korosho zenye maganda alizopewa na jirani kutoka shambani: ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Na kabla hujampikia mtu chochote chenye korosho, muulize kama ana mzio nazo.

Tambi za nazi

Hizi ndizo za futari, za chai ya asubuhi, na za kumpelekea jirani aliyejifungua. Vipimo ni vya watu watatu au wanne, na kikombe ninachokitaja ni cha robo lita.

- Tambi nyembamba gramu 200, yaani nusu ya pakiti ya gramu 400
- Samli au mafuta ya kula, vijiko 3 vya chakula
- Nazi 1
- Sukari, vijiko 4 vya chakula
- Iliki punje 5, zilizotwangwa
- Chumvi, ya kushika kwa vidole viwili
- Zabibu kavu, ukizipenda

1. Ikune nazi kwa mbuzi. Tia nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kamua kwa nguvu, chuja. Hilo ni tui zito. Liweke peke yake. Rudishia machicha kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, kamua tena. Hilo ni tui jepesi. Machicha usiyamwage mpaka umemaliza kupika, utaona kwa nini.

2. Vunja tambi zikiwa bado ndani ya pakiti, urefu wa kidole hivi. Ukizivunja nje zitarukia kila pembe ya jiko.

3. Pasha tui jepesi kwenye sufuria ndogo mpaka litoe mvuke, lisichemke. Ukimwaga tui baridi kwenye mafuta ya moto litaruka na kukuchoma, na sufuria itapoa ghafla.

4. Sasa kaanga, na hapa usiondoke hata simu ikiita. Weka samli kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, tia tambi zote. Dakika ya kwanza na ya pili hutaona lolote. Zinageuka tu na kulalama chini ya mwiko. Kisha harufu inabadilika kabla ya rangi: ule unga mbichi unapotea, inakuja harufu ya ngano iliyookwa. Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Tambi za chini zinakuwa rangi ya asali wakati za juu bado nyeupe, kwa hiyo geuza kutoka chini kwenda juu, usizungushe. Zikifika nusu kwa nusu, nyingine kahawia na nyingine bado za manjano, inatosha, maana sufuria yenyewe itaendelea kuzikaanga hata ukiipua. Ukingoja ziwe kahawia zote utapata uchungu, na sukari haifuti uchungu wa kuungua.

5. Mimina kikombe kimoja na robo cha tui jepesi la moto. Robo iliyobaki iache karibu. Tia chumvi na iliki, geuza mara moja ili tambi zote zilowe, punguza moto uwe mdogo kabisa, funika.

6. Acha dakika 5. Usikoroge. Zikifunuliwa na kukorogwa kila dakika, mvuke unatoka, tambi zinakatika, wanga unatoka nje na kuzigandisha. Dakika 5 zikipita, geuza mara moja na uonje uzi mmoja. Ukiwa na kiini kigumu na sufuria imekauka, nyunyizia lile tui lililobaki. Likiisha, kamua machicha kwa maji kidogo, utapata jingine.

7. Tambi zikishalainika, ndipo utie sukari, zabibu na tui zito. Geuza taratibu, funika tena dakika 5 kwenye moto hafifu. Kwa jiko la mkaa, toa makaa mengi chini na uweke machache juu ya mfuniko, kama unavyofanya kwenye wali wa nazi.

Wengi hutia sukari mwanzoni pamoja na maji, kisha wanashangaa tambi hazilainiki hata maji yakiongezwa. Sukari hushika maji na kuuchelewesha wanga kuiva. Unaongeza maji, unaongeza tena, na mwisho zinaiva za nje huku za ndani bado. Tui zito nalo linawekwa mwisho kwa sababu yake: likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga juu na majimaji chini, na ule ulaini wa nazi ukaondoka.

Zikiwa tayari, kila uzi unasimama peke yake na chini ya sufuria hakuna maji. Kuna wanaozila na maharage ya nazi, na kwenye sinia la futari hupangwa kando ya muhogo. Mimi nazipenda na chai ya rangi yenye tangawizi, bila kitu kingine, kwa sababu nazi juu ya nazi hunielemea.

Ukitaka za chumvi, hatua ni zilezile. Acha sukari, iliki na zabibu. Baada ya kukaanga tambi zitoe, kaanga kitunguu, karoti iliyokwaruzwa na nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba, rudisha tambi, endelea na tui. Zinakwenda na samaki yeyote wa kukaanga.

Spageti ya pweza kwa mchuzi wa korosho

Hapa kuna kazi zaidi, lakini nyingi ni ya kungoja. Na inafaa kwa mwenye jiko moja, nitaeleza. Inashibisha watu watatu.

Anza na pweza. Huvuliwa kwa wingi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu maji hukupwa sana na miamba hubaki wazi, watu wakaingia kwa miguu na vijiti vyao. Ukienda kununua siku hizo unapata wa kuchagua. Mzuri ana harufu ya bahari tu, ngozi yake inang'aa, na nyama haivutiki kama utelezi. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe kama ameshapigwa.

"Kaka, huyu amepigwa?"

"Bado, dada. Nikupigie?"

Mwambie akupigie. Kupigwa huvunja nyuzi za nyama, na pweza asiyepigwa atakaa jikoni saa nzima bado akavuta kama mpira wa ndala. Ukikosa wa kukupigia na una friza, mgandishe usiku mmoja na umyeyushe kesho yake. Barafu inafanya kazi hiyohiyo.

Nusu kilo inatosha. Msugue kwa chumvi kutoa ute, suuza vizuri, ondoa macho na kile kidomo kigumu katikati ya miguu. Muweke kwenye sufuria na nusu kikombe tu cha maji, funika, moto mdogo. Baada ya muda utakuta sufuria ina maji mengi ya rangi ya zambarau ambayo hukuyatia: ni yake mwenyewe, na ndiyo yenye ladha, usiyamwage. Usitie chumvi bado, kwani ana ya kwake. Dakika 40 mpaka saa moja, kutegemea ukubwa. Choma uma kwenye mguu, pale penye unene karibu na kichwa. Ukiingia bila kubishana, ipua. Kata vipande vya kutosha mdomo mmoja.

Wakati pweza yuko jikoni, shughulika na korosho. Gramu 100 za vipande, maji ya moto juu yake, funika nusu saa. Mwaga maji hayo. Kwa blenda, saga na kikombe kimoja cha maji safi mpaka ukichovya kidole na kukisugua na kingine usihisi chenga. Kwa kinu, twanga kwanza bila maji mpaka ziwe uji mzito unaonata kwenye mchi, halafu ongeza maji kijiko kwa kijiko. Ukimwaga maji yote mapema, vipande vitaelea na mchi utapiga maji.

Mchuzi:

1. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwenye vijiko 2 vya mafuta mpaka kiwe laini, kisiwe cheusi. Tia vitunguu saumu punje 3 na kipande cha tangawizi, vyote vimetwangwa, kisha nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano.

2. Nyanya 3 zilizokwaruzwa. Ziache zikauke mpaka mafuta yaonekane pembeni. Wengi hawafiki hapa, wanaona nyanya zimelainika wanaendelea, na mchuzi unabaki na ukali wa nyanya mbichi. Korosho hazitauficha.

3. Pweza na kikombe kimoja cha maji yake. Pilipili mbuzi moja nzima, isipasuke. Acha ichemke dakika 5, kisha ipua sufuria, funika, weka pembeni.

Jiko sasa liko wazi kwa spageti. Chemsha lita 2 za maji kwa gramu 250, tia kijiko cha chakula cha chumvi kisichojaa. Maji yakitokota, tumbukiza spageti. Kama sufuria yako ni ndogo, zikate katikati. Waitaliano hawatakuja Mtwara kukukagua. Koroga kwa dakika 2 mfululizo, kwa sababu huo ndio wakati wanga wa juu unanata na nyuzi zinashikana. Usitie mafuta kwenye maji. Yanaelea juu, hayazuii lolote wakati wa kuchemka, na ukichuja yanazivaa spageti, mchuzi ukateleza badala ya kushika.

Dakika hizo 2 zikiisha, funika kwa mfuniko unaobana, weka kitambaa juu kama mfuniko umepinda, teremsha sufuria. Iache chini kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye pakiti na dakika 1 ya ziada. Usifunue kuchungulia. Zinaiva zenyewe.

Na jiko? Rudisha mchuzi. Mimina korosho zilizosagwa huku unakoroga. Dakika ya kwanza utaona mwepesi kama maziwa na utadhani umezidisha maji. Vumilia. Korosho zina wanga, na joto likiushika, mchuzi unakuwa mzito ghafla, unaanza kutoa mapovu makubwa ya polepole. Kwaruza chini ya sufuria muda wote, kwani hapo ndipo huungulia. Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Onja chumvi sasa, siyo kabla.

Spageti: vunja uzi mmoja kwa meno. Ukiona kitone cheupe kidogo katikati, ndipo hasa panapotakiwa, maana zinamalizikia kwenye mchuzi. Chota kikombe kimoja cha maji yake kabla hujachuja. Chuja, usisuuze, mimina kwenye mchuzi, geuza dakika 1 jikoni. Ukiona umekuwa mzito wa kushikana, tumia yale maji uliyochota kidogo kidogo. Yana wanga na chumvi, kwa hiyo hayaufanyi mchuzi kuwa chapwa kama maji ya bomba. Ipua, kamulia nusu ya ndimu. Ndimu ikitiwa sufuria ikiwa bado inachemka, harufu yake yote inakwenda na mvuke.

Siku ya kukosa pweza, kamba wanafaa, ila wao huingia baada ya korosho kuwa nzito na hawakai zaidi ya dakika 3 au 4. Changu wa vipande naye anafaa, akaangwe kwanza, awekwe juu bila kukorogwa. Bilinganya za kukaanga kwa asiyetaka samaki. Mchuzi wenyewe ni uleule, na sisi tunaokaa kwenye korosho tukanunua mchuzi wa nyanya wa chupa kutoka mbali tunajidhulumu wenyewe.

Za pakiti

Zilianzia Japani mwaka 1958, kazi ya Momofuku Ando. Nyingi huwa zimechemshwa kwa mvuke na kukaangwa kwenye mafuta kiwandani kabla ya kufungwa, na ndiyo maana huiva kwa dakika 3 na mtoto anaweza kuzitafuna kavu. Hiyo pia ni sababu ya kutoziongezea mafuta mengi nyumbani: zimekuja nayo.

Tatizo la chakula hiki ni kifuko cha viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai, na pakiti moja inaweza kubeba sehemu kubwa ya hiyo. Tumia nusu ya kifuko. Utamu utoke kwenye vitu vingine, na vitu vingine vipo.

Pakiti mbili, watu wawili. Anza na dagaa, konzi moja ya mkono: toa vichwa kama ni wakubwa, waoshe, wakaushe kwa kitambaa, wakaange wakauke mpaka wavunjike kwa kidole, watoe. Kwenye mafuta kidogo yaliyobaki, kaanga kitunguu, hoho na karoti zilizokatwa nyembamba, dakika 2, moto mkali, zibaki na mkwaruzo. Mimina vikombe 2½ vya maji ya moto. Yakichemka, tambi, zikae dakika 2 tu, kisha konzi kubwa ya mchicha uliokatwa na nusu ya vifuko vyote viwili. Piga mayai 2 kwenye bakuli, yamimine kwa mzunguko bila kukoroga, funika, ipua, hesabu mpaka mia moja. Mayai yanaganda kwa mvuke. Pakua, ndipo dagaa waje juu. Wakiingia sufuriani mapema wanalowa na ladha yao inabaki ya chumvi tu.

Wasiotaka supu wapunguze maji yawe vikombe 1½ na waache mfuniko wazi dakika ya mwisho.

Zilizobaki

Joto la Novemba na Desemba hapa halisamehe chakula cha nazi. Tambi zilizopikwa zisikae nje zaidi ya saa 2, na siku ya jua kali saa 1 ni nyingi. Siyo suala la kuchacha peke yake. Kuna bakteria wanaopenda vyakula vya wanga vilivyopoa polepole, na sumu wanayoiacha haiuawi kwa kupasha moto tena. Kwa hiyo ile desturi ya kufunika sufuria mezani usiku kucha na kuichemsha asubuhi haikulindi. Tandaza zilizobaki kwenye sahani pana zipoe upesi, funika, friji. Kama huna friji, pika za kuisha.

Spageti zilizolala kwenye friji bila mchuzi, kwa upande wangu, ni bora kwa kukaanga kuliko zilizopikwa siku hiyohiyo. Wanga umekakamaa, nyuzi hazishikani. Hizi peke yake ndizo unazoweza kuzisuuza kwa maji baridi ili ziachane, kisha zichuje mpaka zikauke. Pasha kikaango kitoe moshi kidogo, mafuta vijiko 2, kitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba, dakika 2. Tia spageti, zitandaze, ziache bila kuzigusa kwa dakika nzima mpaka za chini zishike rangi, ndipo ugeuze. Sogeza kila kitu pembeni, vunja yai katikati, livuruge, likianza kushikana lichanganye na zote. Konzi ya korosho zilizokaangwa juu, pilipili, ndimu. Chumvi usitie mpaka umeonja, kwa sababu yale maji ya jana yalikuwa nayo.